Upanga Niliouharibu: Historia ya Panga za Wapanda Farasi wa Ulaya

Katika mkutano wetu uliopita wa wanafunzi wa zamani, tulipokwisha kula na kila mmoja akawa anaeleza anavyozitumia siku zake za kustaafu, zamu yangu ilifika nikasema kwamba ninakusanya panga kuukuu za askari wapanda farasi wa Ulaya. Meza nzima iliangua kicheko. Mwenzangu mmoja tuliyelala naye bweni moja akaniuliza, "Bwana wee, kwa umri huu unajiandaa kumpindua nani?" Nami nilicheka pamoja nao. Lakini mhariri wa jarida letu hakucheka. Alinivuta kando akaniambia, "Mzee, iandike habari hiyo, vijana waisome." Basi haya ndiyo maandishi niliyomwahidi.

Kwanza niondoe shaka. Sisemi habari za panga la kufyekea majani, ambalo kila mmoja wetu alilishika siku za kazi za mikono shuleni. Nasema habari za upanga, silaha ya vita, na hasa ule uliofuliwa kwa ajili ya mtu aliyepigana akiwa juu ya farasi. Silaha hizo zilitengenezwa kwa maelfu katika Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, na nyingi zimesalia hadi leo katika nyumba za makumbusho na mikononi mwa watu wa kawaida kama mimi.

Pili nikiri kosa. Mwaka 1979, nikiwa nimekaa miaka mitatu Birmingham, Uingereza, nikisomea ufundi wa mitambo, nilipita Jumamosi moja katika soko la vitu vikuukuu. Juu ya meza ya mzee mmoja, katikati ya pasi za mkaa na saa zisizotembea, ulilala upanga mrefu uliopinda, umeliwa na kutu kama jembe lililosahauliwa shambani. Niliununua kwa fedha ambazo zingenitosha kwa chakula cha juma zima, nikaupeleka chumbani kwangu. Juu ya mgongo wa bapa, karibu na mpini, palikuwa na maandishi yaliyochongwa. Kwenye chuma kinachokinga vidole palikuwa na herufi nyingine pamoja na tarakimu. Sikuyaandika popote. Nilichokitaka mimi ni kuuona ukimetameta. Nilinunua msasa, nikausugua usiku tatu mfululizo, hata ukang'aa kama kijiko kipya. Nilijiona fundi kweli kweli.

Miezi michache baadaye nilimwonyesha mwalimu wangu mmoja wa karakana, Mwingereza mtu mzima aliyependa vitu vya kale. Aliugeuza upanga mara mbili, akapitisha kidole mgongoni, kisha akaniuliza kwa upole, "Hapa palikuwa na maandishi?" Nikamjibu, naam, yalikuwapo. "Yalisemaje?" Sikuwa na jibu. Zilikuwa zimeokoka herufi tatu tu, nazo kwa shida: S, B na O. Hakunikemea. Alinirudishia upanga wangu akasema kwamba askari aliyeubeba alikuwa na njia moja tu ya kujulikana, nami nimeifuta.

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya mkusanyaji. Nilitaka kujua nilichokifuta.

UPANGA WA MWAKA 1796

Zile herufi tatu zilinipeleka nyuma hadi vita vya Uingereza na Ufaransa ya Mapinduzi, vilivyopiganwa Flanders, ambayo sehemu yake kubwa leo imo Ubelgiji, kuanzia mwaka 1793 hadi 1795. Miongoni mwa maafisa wa Kiingereza huko alikuwamo John Gaspard Le Marchant, aliyezaliwa mwaka 1766 katika ukoo wa kisiwa cha Guernsey. Afisa huyu alikuwa na tabia ambayo ningependa kila mwanafunzi wa shule yetu awe nayo: alitazama kwa makini, akaandika alichokiona, hata pale kilipokuwa aibu ya upande wake mwenyewe.

Alichokiona ni kwamba wapanda farasi wa Kiingereza walikuwa hodari wa kukimbiza farasi lakini hawakujua kutumia upanga. Panga zao zilikuwa nzito zisizo na uzani mzuri mkononi, nao hawakuwa wamefundishwa. Katika purukushani ya vita mtu aliweza kumkata farasi wake mwenyewe masikio au shingo, au kujijeruhi mguu. Waaustria, waliokuwa washirika wao na waliosifika kwa upanga, waliwacheka. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja wa Austria aliwaambia kuwa upigaji wao unamkumbusha mkulima akipasua kuni.

Le Marchant aliporudi Uingereza alifanya mambo mawili. La kwanza, alishirikiana na mfua panga wa Birmingham, jina lake Henry Osborn, kubuni upanga mpya. La pili, aliandika kanuni za kufundishia askari namna ya kuutumia, nazo zikatolewa na jeshi mwaka 1796. Ndipo zile herufi zangu tatu zilipopata maana. S, B, O zilikuwa katikati ya jina OSBORN. Upanga niliousugua ulifuliwa katika mji ule ule niliousugulia, na fundi aliyekuwa mshirika wa mbuni mwenyewe.

Upanga huo uliitwa wa wapanda farasi wepesi wa mwaka 1796. Bapa lake lina urefu wa kiasi cha sentimeta 83, limepinda vizuri, na karibu na ncha linapanuka badala ya kuwa jembamba. Umbo hilo si pambo. Uzito unapokaa mbele, pigo linakuwa na nguvu ya shoka. Na bapa linapopinda, makali huteleza na kupasua badala ya kugota. Hata hivyo upanga wenyewe hauzidi sana kilo moja, kwa hiyo mkono hauchoki upesi. Kinga ya vidole ni utepe mmoja tu wa chuma, kama kikuku cha kupandia farasi kilichopinduliwa. Askari alifundishwa mapigo sita ya msingi, akiyafuata kwa mistari iliyochorwa ukutani ndani ya duara, hata mkono ukayazoea.

Upanga huo ulienea mbali. Waingereza waliwapa washirika wao wa Prussia, nao Waprussia wakafua wa kwao kwa mfano huo mwaka 1811, ukajulikana kwa jina la jemadari wao Blücher. Mkusanyaji mgeni huchanganya hizo mbili, na si ajabu, maana ni mtu na ndugu yake.

KUKATA AU KUDUNGA?

Lakini jeshi la Uingereza halikumsikiliza Le Marchant kwa yote. Yeye alitaka wapanda farasi wote wawe na upanga wake. Wakubwa waliamua kwamba wapanda farasi wazito, yaani watu wakubwa juu ya farasi wakubwa, wapewe upanga mwingine, ulionyooka, wa sentimeta 89 hivi, ulionakiliwa kutoka kwa Waaustria. Ncha yake ilikatwa kama patasi. Ulifaa kukata, lakini kwa kudunga haukufaa kitu.

Wafaransa nao walishika njia yao. Askari wao wazito waliovaa deraya ya kifuani walibeba upanga mrefu ulionyooka, wenye mifereji miwili ubavuni na bapa la sentimeta 97 hivi, nao walifundishwa kuunyoosha mbele na kudunga. Afisa mmoja wa Kifaransa, Fortuné de Brack, aliyepigana Waterloo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1831 kwamba ncha ndiyo inayoua, na makali hujeruhi tu. Waingereza wengi hawakukubali. Walisema katika vurugu za farasi mtu hana nafasi ya kulenga, na aliyekatwa mkono hawezi tena kupigana, hata kama hakufa.

Ubishi huu uliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Ndiyo maana panga za wapanda farasi hupinda na kunyooka, kisha hupinda kidogo tena, katika kila kizazi. Kwa mkusanyaji, kuzipanga ukutani kwa kufuata miaka yake ni kama kuusikia mjadala wa wazee ambao hakuna anayemwachia mwenzake neno la mwisho. Ila tusisahau kwamba matokeo ya mjadala huo yalipimwa kwa miili ya vijana, wengi wao wana wa wakulima ambao hawakuulizwa maoni yao.

Na Le Marchant mwenyewe? Tarehe 22 Julai 1812, katika vita vya Salamanca huko Hispania, akiwa na cheo cha meja jenerali, aliongoza kikosi cha wapanda farasi wazito kuwavamia askari wa miguu wa Kifaransa, akawavunja vibaya. Kabla siku haijaisha alipigwa risasi akafa, akiwa na miaka 46. Tafakarini jambo hilo. Mtu aliyeipa Uingereza upanga wake bora wa kukata alikufa akiongoza watu waliobeba upanga mwingine, ule alioukataa, na kilichomwua hakikuwa upanga bali risasi. Kilichodumu zaidi katika kazi yake ni shule. Yeye ndiye aliyeasisi chuo cha kijeshi ambacho mwaka ule ule wa 1812 kilihamia Sandhurst, mahali ambapo maafisa wa Uingereza wanafunzwa mpaka leo.

PANGA ZILIZOTUPWA NA PANGA ZILIZOTUNZWA

Katika masimulizi yote ninayoyajua kuhusu panga hizi, moja huwa nalirudia mara kwa mara. Limo katika kitabu juu ya wapanda farasi kilichotolewa mwaka 1853 na Kapteni Louis Nolan wa jeshi la Uingereza.

Nolan alikuwa India. Huko alisikia habari za wapanda farasi wa Nizam wa Hyderabad, ambao katika mapigano waliwakata adui zao kwa namna ya kutisha, viungo vikitengana kwa pigo moja. Alidhani wana panga za ajabu zilizofuliwa kwa siri za Mashariki. Alipozichunguza alistaajabu. Mabapa yalikuwa ya Kiingereza, yale ya zamani yaliyokuwa yametupwa na jeshi lake mwenyewe kwa kuonekana hayafai. Wahindi waliyatia mipini ya kwao, wakayanoa mpaka yakawa kama wembe, wakayahifadhi ndani ya ala za mbao, wala hawakuyachomoa ila siku ya vita.

Askari wa Kiingereza wao walikuwa na ala za chuma. Ala ya chuma ni imara na hung'aa kwenye gwaride, lakini kila upanga unapochomolewa na kurudishwa makali hukwaruzwa. Juu ya hayo walichomoa kila siku kwa mazoezi na maonyesho. Kwa hiyo silaha ile ile ilikuwa rungu mikononi mwa aliyeitengeneza, na wembe mikononi mwa aliyeiokota. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya umbo la upanga, na kumbe sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye kinoo na mti mwepesi.

Nolan aliandika hayo ili jeshi lake lijirekebishe. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaklava, ndiye aliyepeleka ile amri iliyosababisha kikosi cha wapanda farasi wepesi kukimbilia mizinga ya Warusi. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa, kwa kipande cha kombora.

UPANGA BORA ULIOCHELEWA

Mwishowe wapenda kudunga walishinda. Mwaka 1908, baada ya kamati kukaa kwa miaka kadhaa, jeshi la Uingereza lilipokea upanga mpya wa askari wapanda farasi. Bapa lake ni jembamba, limenyooka, na karibu halina kazi nyingine ila kudunga. Mpini una mahali pa kuweka kidole gumba, hata ukiunyoosha mkono ncha inaelekea mbele yenyewe. Kinga yake ni bakuli kubwa la chuma linalofunika mkono wote. Mfalme Edward wa Saba hakupendezwa na sura yake, lakini aliuidhinisha. Wajuzi wengi wanauhesabu kuwa miongoni mwa panga bora kabisa za wapanda farasi zilizopata kutengenezwa. Marekani ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 1913, kwa upanga uliobuniwa na afisa kijana aitwaye George Patton, ambaye baadaye katika Vita Kuu ya Pili alipata sifa kwa vifaru, si kwa farasi.

Miaka sita tu baada ya 1908, Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Bunduki za rashasha na seng'enge viliifunga njia ya farasi katika Ulaya Magharibi. Palipokuwa na uwanja mpana upanga bado ulitumika. Tarehe 8 Novemba 1917, mahali paitwapo Huj katika Palestina, wapanda farasi wasiofikia 200 kutoka majimbo ya Warwickshire na Worcestershire, ambayo yamepakana na Birmingham, waliikimbilia mizinga ya adui kwa panga hizo za 1908 wakaiteka. Waliolipa kwa maisha yao walikuwa wengi mno kwa idadi yao. Ninao upanga mmoja wa namna hiyo. Sijui ulikwenda wapi, wala siusingizii kuwa ulifika Huj.

Wanafunzi huniuliza kama silaha hizi zilifika kwetu katika vita hiyo. Kwa kweli Afrika Mashariki haikuwa nchi ya mashambulizi ya upanga. Wapanda farasi wa Afrika Kusini waliokuja mwaka 1916 na kupita kutoka Moshi kwenda Kondoa walikuwa watu wa bunduki. Farasi kwao alikuwa chombo cha safari. Na farasi wenyewe walikufa kwa maelfu kwa maradhi, hasa yale yaletwayo na ndorobo. Mdudu mdogo aliikinga nchi hii na farasi wa vita kuliko jeshi lolote.

Lakini chuma cha Ulaya kilikuwa kimefika pwani yetu zamani kwa njia ya biashara. Wazee wa pwani wana maneno yao: kitara ni upanga uliopinda, na upanga wa feleji ni ule mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili. Katika panga ndefu za Kiomani, ambazo mabwana wa Unguja na Mombasa nao walizivaa, si chache ambazo mpini wake ni wa Kiarabu na bapa lake ni la Ulaya, hasa la Solingen, mji wa Ujerumani ambao umeishi kwa kufua panga na visu tangu zama za kati. Alama moja maarufu ya mafundi wa huko ni mbwa mwitu anayekimbia, iliyochorwa kwa mistari michache tu. Alama hiyo iliaminiwa sana hata mafundi wa nchi nyingine wakaiiga. Kwa hiyo ukiiona, usikate shauri upesi.

NAMNA YA KUUSOMA UPANGA

Sasa niwaeleze vijana jinsi kazi hii inavyofanywa, maana kukusanya si kununua tu. Mkusanyaji asiyesoma ni mtu wa kujaza ghala.

Anza na mgongo wa bapa. Hapo mafundi wa Birmingham waliweka majina yao: Osborn, Gill, Woolley na wengine. Ukiona jina Runkel pamoja na neno Solingen, ujue bapa lilifuliwa Ujerumani likaingizwa Uingereza na mfanyabiashara wa jina hilo. Kwa hiyo upanga wa afisa wa Kiingereza huweza kuwa wa Kijerumani kwa kuzaliwa.

Panga za Kifaransa ni hazina zaidi. Kiwanda cha Klingenthal katika Alsace, kilichoanzishwa mwaka 1730 kwa mafundi walioletwa kutoka Solingen, kiliandika mgongoni jina lake, na mara nyingi mwezi na mwaka. Tena kiliandika kiwanda ni cha nani. Chini ya Jamhuri kiliitwa cha Taifa. Napoleon alipojifanya mfalme mkuu mwaka 1804 kikawa cha Dola. Wafalme wa zamani waliporejea mwaka 1814 kikawa cha Kifalme. Neno moja juu ya chuma linakueleza nani alikuwa akitawala Paris siku fundi alipolichonga. Na baada ya Ufaransa kuvamiwa ikaonekana kwamba Klingenthal iko karibu mno na mpaka, ndiyo maana kiwanda kipya kikaanzishwa mwaka 1819 Châtellerault, mbali ndani ya nchi. Ukiona jina la Châtellerault, basi upanga huo haukuwapo Waterloo, hata muuzaji akiapa kwa mizimu ya mababu zake.

Kisha tafuta alama ya mkaguzi. Bapa la askari wa Kiingereza lilipindwa na kupigwa ili kujaribiwa, na likifaulu liligongwa muhuri mdogo wa taji lenye tarakimu chini yake. Bapa la afisa mara nyingi halina muhuri huo, kwa sababu afisa alijinunulia upanga wake kwa fedha zake. Badala yake utakuta maua, taji na herufi za mfalme, na pengine mabaki ya rangi ya buluu na dhahabu.

Baada ya hapo soma kinga ya mkono na ala. Hapo ndipo kikosi kilipogonga herufi na namba zake, pengine namba ya kombania na ya silaha. Ndiyo yale niliyoyasugua kwa msasa.

Mwisho tazama yaliyobadilishwa. Panga nyingi za wapanda farasi wazito za 1796 zilizosalia hazina tena ncha ya patasi. Zimechongwa zikawa na ncha ya katikati kama mkuki, na kinga imepunguzwa upande wa ndani ili isisugue nguo. Mgeni hudhani upanga umeharibika. Kumbe hapo askari wenyewe wanatuambia walichokiona katika vita, kwamba siku nyingine ncha inahitajika. Mkwaruzo wa kinoo cha askari una thamani kuliko mng'aro wa msasa wa mkusanyaji.

WAONGO NA WASIMULIZI

Biashara hii ina wadanganyifu wake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimewahi kuuziwa upanga uliochorwa jina la Waterloo kwa herufi safi, ndani ya mwaka mmoja nikagundua mchoro ulikuwa mchanga kuliko mimi. Ziko pia panga zilizounganishwa, mpini wa huku na bapa la kule. Dawa yake ni kutazama kichwa cha mpini, mahali ambapo mkia wa bapa umefuliwa ukabanwa. Pakiwa pamegongwa upya, uliza maswali. Kutu nayo isome: ya kweli hukaa kwa viraka, nzito huku na nyepesi kule kulingana na mikono iliyoshika, ya uongo huenea sawasawa kama rangi.

Lakini hatari kubwa kuliko mdanganyifu ni mtu mwema mwenye hadithi tamu. "Upanga huu ulikuwa wa babu yangu, alipigana mahali fulani." Hasemi uongo, amerithi hadithi pamoja na chuma. Nami hupenda kumsikiliza, na huiandika hadithi yake. Ila naiandika kando, na alama za upanga naziandika kando, kisha natazama kama zinapatana. Zikigombana, nafuata chuma.

Na kwa utunzaji, kijana, shika haya: kitambaa laini, mafuta kidogo ya mashine, mikono mikavu. Usitumie msasa wala tupa. Pima, chora, piga picha na uandike kabla hujagusa kitu. Pia fuata sheria ya silaha na forodha ya nchi uliyomo, maana upanga ni upanga hata ukiwa na miaka 200.

NENO LA MWISHO

Ule upanga wangu wa kwanza bado ninao. Unang'aa mpaka leo, na kila ninapoutazama naona aibu. Ningeweza kuukabidhi kwa mwingine nikanunua mzuri zaidi, lakini nimeubakiza makusudi. Kulikuwa na mtu aliyeubeba, aliyepewa namba, aliyelala karibu na farasi wake kwenye mvua ya Hispania au Ubelgiji. Labda hakujua kusoma, labda hakuacha barua wala picha. Namba ile kwenye chuma ndiyo iliyobaki, nami niliifuta kwa usiku tatu kwa sababu nilipenda kitu king'ae. Majuto ni mjukuu.

Kwa nini nawaambia haya wenzangu wa bweni, pamoja na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani? Kwa sababu nimesoma katika barua ya kamati kwamba yale madawati yetu ya zamani yaliyorundikwa stoo yatatolewa, yapigwe msasa, yapakwe vanishi mpya na kurudishwa kazini. Ni jambo jema, na mchango wangu nimekwisha kuutuma. Lakini sote tunajua yaliyomo juu ya mbao zile: majina, miaka, herufi za kwanza za wavulana waliochonga kwa ncha ya bikari mwalimu alipogeuka ubaoni. Tuliadhibiwa kwa makosa hayo, na tulistahili. Baadhi ya wavulana wale wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na pengine hawana mahali pengine katika shule hii ambapo majina yao yameandikwa.

Ombi langu ni dogo. Kabla msasa haujagusa ubao wa kwanza, wanafunzi wa kidato cha pili wapewe madaftari na kalamu, wapite dawati kwa dawati, wanakili kila herufi na kila mwaka kama vilivyo, na mwenye simu apige picha. Ni kazi ya alasiri mbili. Orodha hiyo iwekwe maktaba, na nakala moja ichapwe katika jarida hili. Katika mkutano ujao nitakuwapo, Mungu akipenda, nami nitaomba nionyeshwe daftari kabla sijaonyeshwa madawati.